Maswali ya Wasomaji: Kumchangia Mgombea wa Jimbo Marekani Bila Kuvunja Sheria

Barua nyingi za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaoishi Marekani, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: nani anaruhusiwa kumchangia mgombea ugavana au ubunge wa jimbo, kwa kiasi gani, na jina lake litaandikwa wapi. Majibu yetu yanahusu chaguzi za majimbo tu. Anayemchangia mgombea urais, Seneti au Baraza la Wawakilishi la taifa anafuata sheria ya shirikisho, yenye kikomo kimoja nchi nzima: kwa kipindi cha 2025 na 2026, dola 3,500 kwa mtu mmoja kwa kila uchaguzi. Kwenye majimbo hakuna namba moja, na hapo ndipo watu wengi wanapojikwaa.

Salaam wahariri. Nimekusudia kumchangia gavana wetu dola 10,000 kwa kampeni yake ijayo. Dada yangu anayeishi Massachusetts ananionya kwamba nitajiingiza matatani, maana kikomo ni dola 1,000. Nani kati yetu yuko sahihi? (Msomaji, Houston, Texas)

Kila mmoja yuko sahihi huko aliko. Texas haimwekei mtu binafsi kikomo anapomchangia mgombea ugavana au ubunge wa jimbo. Virginia na Pennsylvania nazo ni hivyo hivyo. Massachusetts inaruhusu dola 1,000 kwa mgombea mmoja kwa mwaka wa kalenda.

Lakini kukosekana kwa kikomo si ruhusa ya kufanya lolote. Texas inazikataza kampuni kumchangia mgombea moja kwa moja, kwa hiyo hundi yako itoke kwenye akaunti yako binafsi, isitoke kwenye akaunti ya kampuni. Wagombea ujaji wana vikomo vyao. Tena kuna suala la kalenda, nalo linakuhusu moja kwa moja kwa sababu unayemchangia yuko madarakani. Bunge la Texas hukutana kwa kikao cha kawaida kuanzia Januari ya kila mwaka witiri. Tangu siku 30 kabla ya kikao kufunguliwa mpaka siku ya 20 baada ya kufungwa, gavana, maofisa wengine wanaochaguliwa na jimbo zima na wabunge wa jimbo hawaruhusiwi kupokea mchango wa kampeni. Hundi ya Februari ya mwaka wa kikao itakataliwa au itarudishwa, hata kama kiasi chake hakina tatizo.

Kwenye majimbo yenye kikomo, jambo la kwanza kuuliza ni kikomo hicho kinahesabiwa kwa nini. Massachusetts inahesabu kwa mwaka, kwa hiyo aliyetoa dola 1,000 tarehe 30 Desemba anaweza kutoa nyingine 1,000 tarehe 2 Januari bila kosa. California inahesabu kwa uchaguzi, na uchaguzi wa mchujo ni mmoja na uchaguzi mkuu ni mwingine: kwa 2025 na 2026 mtu mmoja anaruhusiwa dola 5,900 kwa mgombea wa bunge la jimbo, dola 9,800 kwa nafasi nyingine za jimbo zima, na dola 39,200 kwa mgombea ugavana, kila mara kwa uchaguzi mmoja. Florida inahesabu kwa uchaguzi pia, ila namba zake ni ndogo: dola 3,000 kwa wagombea wa jimbo zima na 1,000 kwa wa bunge la jimbo. Colorado iko chini kabisa, dola 725 kwa mgombea ugavana na 225 kwa mbunge wa jimbo. New York ilishusha vikomo vyake baada ya uchaguzi wa Novemba 2022. Mgombea wa jimbo zima ambaye zamani angeweza kupokea hadi dola 69,700 kutoka kwa mtu mmoja sasa mwisho wake ni 18,000 kwa mchujo na uchaguzi mkuu zikijumlishwa.

Jambo la pili ni nani anahesabiwa kuwa mchangiaji mmoja. Mume na mke ni wawili, kila mmoja na kikomo chake. Hata hivyo, hundi ya akaunti ya pamoja yenye sahihi moja huandikwa kwa jina la aliyetia sahihi. Mkitaka igawanywe, tieni sahihi wote wawili au ambatanisheni karatasi inayosema nani anatoa kiasi gani. Mtoto si mlango wa nyuma: Florida inampa aliye chini ya miaka 18 dola 100 kwa uchaguzi, na Massachusetts dola 25 tu kwa mwaka mzima. Na huko California, ukichangia wewe kisha ikachangia kampuni ambayo wewe ndiye unayeamua pesa zake ziende wapi, michango yote miwili inajumlishwa chini ya kikomo kimoja.

Jambo la tatu ni tarehe. Majimbo mengi hupandisha vikomo kufuata mfumuko wa bei, California kila mwaka witiri. Usitegemee namba uliyoisikia kwenye uchaguzi uliopita, hata kama imetajwa na mtu wa kampeni.

Ndugu wahariri, niko Marekani kwa viza ya kazi na mke wangu ana green card. Rafiki yetu anagombea udiwani wa jiji, na kaka yake aliye Tanzania anataka kumtumia pesa za kampeni. Je, sisi na yeye tunaruhusiwa? (Msomaji, Columbus, Ohio)

Sheria ya shirikisho inamruhusu mkeo, lakini sheria ya Ohio ya mwaka 2024 inawahesabu hata wenye green card kuwa wageni, kwa hiyo huko Ohio asichangie. Wewe huruhusiwi. Kaka yake haruhusiwi kabisa.

Tunalisema wazi kwa sababu madhara yake kwa mhamiaji ni makubwa kuliko faini. Sheria ya shirikisho inamkataza raia wa kigeni kutoa mchango au kitu chochote chenye thamani katika uchaguzi wa taifa, wa jimbo na wa mtaa. Kwa hiyo jimbo haliwezi kuruhusu. Wasiohesabiwa kuwa wageni kwa sheria hiyo ni raia wa Marekani na wakaazi wa kudumu, yaani wenye green card. Viza ya kazi, viza ya masomo, kibali cha kufanya kazi na ombi la hifadhi ambalo halijaamuliwa havitoshi, hata kama umelipa kodi kwa miaka mingi. Mahakama ya Juu ilithibitisha katazo hilo mwaka 2012 katika kesi ya Bluman, iliyofunguliwa na watu waliokuwa nchini kihalali kwa vibali vya muda.

Pesa za kaka haziwi halali kwa kupitia mkononi mwa mtu mwingine. Akizituma kwa mkeo kisha mkeo akazitoa kwa jina lake, makosa yanakuwa mawili: mchango wa kigeni, na mchango uliotolewa kwa jina la mtu asiyeutoa. Hata mgombea hasalimiki kwa kusema ni zawadi ya kifamilia. Pesa zikitumwa kwa ajili ya kampeni, ni mchango.

Kuna unachoweza kufanya. Mgeni anaruhusiwa kujitolea bila malipo: kubisha milango, kupiga simu, kupanga viti, kutafsiri vipeperushi. Asichoruhusiwa ni kushiriki katika kuamua pesa za kampeni zikusanywe au zitumiweje. Basi usikubali kuwa mweka hazina, wala kuketi kwenye kamati inayopitisha bajeti, wala kutangulia kulipia chapa au ukumbi ukitarajia kurudishiwa.

Mwenye green card atakapochangia mtandaoni kwenye jimbo linalomruhusu, ataona kisanduku kinachomtaka athibitishe kwamba ni raia au mkaazi wa kudumu. Asome maneno yote kabla ya kukibofya. Fomu nyingine zimeandikwa na mtu asiyejua na zinasema "mimi ni raia wa Marekani" peke yake. Mwenye green card asithibitishe kamwe kwamba ni raia, kwa sababu kudai uraia usio wako kunaweza kukufukuzisha nchini. Akikutana na fomu kama hiyo, afunge ukurasa, awaandikie kampeni waeleze njia nyingine, atume hundi na nakala abaki nayo. Na jambo ambalo haliumi kulirudia: haki ya kuchangia si haki ya kupiga kura.

Mimi ni mweka hazina mpya wa mgombea wa bunge la jimbo. Tulifanya mkutano wa kuchangisha, tukapitisha kikapu, na sasa nina bahasha ya noti, hundi kadhaa na orodha ya majina ya kwanza tu. Nianzie wapi? (Msomaji, Sacramento, California)

Anza kwa kutopeleka noti hizo benki leo. Zitenge kwanza.

Sheria ya California, ambayo msingi wake ni Sheria ya Mageuzi ya Siasa ya 1974 inayosimamiwa na tume iitwayo FPPC, ina mstari mmoja ambao mweka hazina anapaswa kuukariri: dola 100. Mchango wa kuanzia dola 100 hauwezi kuwa taslimu. Hauwezi pia kuwa hawala ya fedha wala hundi inayotolewa na benki yenyewe, kwa sababu havionyeshi akaunti ya mtoaji. Mchango wa kuanzia dola 100 hauwezi kukosa jina. Na kuanzia dola 100 taarifa lazima itaje jina kamili, anwani, kazi na mwajiri wa mchangiaji.

Kwa hiyo mtu aliyeweka noti ya 100 kwenye kikapu amevuka mstari papo hapo. Mrudishie bila kuiingiza kwenye akaunti, umwombe aandike hundi. Noti ndogo zisizo na jina unaweza kuzipokea, ila usizikadirie kwa macho: zihesabuni watu wawili, muandike kiasi na tarehe, mtie sahihi.

Panapowaponza waweka hazina wengi ni kujumlisha. Mtu akitoa dola 60 Januari na dola 60 Machi, hakuna mchango wake hata mmoja uliofika 100, lakini kwa mwaka ametoa 120, na sasa lazima aingie kwenye taarifa kwa jina. Usipokuwa na anwani na kazi yake tangu ule wa Januari, utaanza kumtafuta wakati wa kufunga hesabu. Ndiyo maana tunashauri kadi ya mchango ijazwe na kila mtu, hata wa dola 20. Kadi nzuri ina mistari sita: jina kama lilivyo kwenye benki, anwani ya nyumbani, kazi, mwajiri, kiasi na tarehe, na sahihi chini ya sentensi isemayo kwamba pesa hizi ni zangu mwenyewe, hakuna atakayenirudishia. Aliyejiajiri aandike hivyo pamoja na jina la biashara yake. Mstaafu aandike "mstaafu". Neno "biashara" peke yake kwenye nafasi ya kazi halisemi kitu.

Mchango wa dola 100 au zaidi ambao taarifa za kazi na mwajiri hazijapatikana unarudishwa ndani ya siku 60 tangu kupokelewa. Huo ni wajibu. Mweka hazina anayeandika "taarifa zimeombwa" kisha akasahau amekwisha kuvunja sheria siku ya 61.

Turudi nyuma kidogo, maana hukutaja kama mgombea alijaza Fomu 501. Hiyo ndiyo fomu ya kutangaza nia, na inatakiwa kabla ya kuomba au kupokea mchango wowote. Akaunti ya kampeni ifunguliwe kwenye tawi la benki lililo California, na pesa za mgombea mwenyewe nazo zipitie humo kabla ya kutumika. Michango ikifika dola 2,000 kamati inazaliwa kisheria, na mna siku 10 za kupeleka Fomu 410 kwa Katibu wa Jimbo ili mpewe namba. Ada ya kamati ni dola 50 kwa mwaka. Taarifa kamili ya mapato na matumizi ni Fomu 460. Kisha, katika siku 90 za mwisho kabla ya uchaguzi, mchango wowote wa kuanzia dola 1,000 kutoka kwa mtu mmoja unatangazwa ndani ya saa 24 kwa Fomu 497. Saa hizo hazisimami kwa sababu umesafiri, kwa hiyo awepo mweka hazina msaidizi aliyesajiliwa kwenye Fomu 410.

Taarifa ikichelewa, faini ya kuchelewa ni dola 10 kwa siku. Makosa mazito yanafika hadi dola 5,000 kwa kila kosa. Tunza kadi, nakala za hundi na risiti miaka minne.

Msomaji mwingine wa Florida ameuliza kama mpangilio ni huo huo kwao. Kwao ni mkali zaidi mwanzoni: hakuna senti inayopokelewa kabla ya kumteua mweka hazina na kutaja benki kwenye fomu DS-DE 9. Noti hazizidi dola 50 kwa mtu kwa uchaguzi, na mchango unaofika zikiwa zimebaki chini ya siku tano kabla ya siku ya uchaguzi unarudishwa bila kutumika. Michigan ni kali kwa noti kuliko wote tuliowataja, mwisho ni dola 20.

Kama vikomo vipo, mbona matangazo ya televisheni ya mamilioni ya dola yanatoka kila uchaguzi, tena ya makundi ambayo hatuyajui? (Msomaji, Phoenix, Arizona)

Kwa sababu kikomo kinamfunga anayempa mgombea. Hakimfungi anayetumia pesa zake mwenyewe kumsifu au kumponda mgombea bila kupanga naye.

Tofauti hiyo ilichorwa na Mahakama ya Juu mwaka 1976 katika kesi ya Buckley dhidi ya Valeo. Majaji walisema kuwekea michango kikomo kunakubalika kwa kuwa pesa nyingi mkononi mwa mgombea zinaweza kununua fadhila, lakini kuweka kikomo kwenye matumizi ni kubana uhuru wa kusema. Uamuzi huo huo ulikubali sheria za kutaja majina ya wachangiaji. Mwaka 2010 kesi ya Citizens United iliruhusu makampuni na vyama vya wafanyakazi kutumia pesa zao kwa matangazo huru, na mwaka huo huo mahakama ya rufaa ya Washington, katika kesi ya SpeechNow, ikaruhusu makundi yanayofanya matumizi huru tu kupokea pesa bila kikomo. Hayo ndiyo yanayoitwa super PAC. Montana ilijaribu kushikilia sheria yake ya 1912 iliyozizuia kampuni. Mahakama ya Juu iliiangusha mwaka 2012.

Hata kushusha vikomo kuna mwisho wake. Vermont ilipoweka kati ya dola 200 na 400 kwa kipindi cha miaka miwili, mwaka 2006 Mahakama ya Juu ilisema ni kidogo mno, kwani mgombea mpya hawezi kushindana na aliye madarakani kwa kiasi hicho. Kikomo cha Alaska cha dola 500 kwa mwaka kiliangushwa na mahakama ya rufaa mwaka 2021.

Kuna pia njia halali zinazozunguka kikomo ndani ya sheria za majimbo yenyewe. Wisconsin ina kikomo cha dola 20,000 kwa mgombea ugavana, lakini mtu anaweza kukipa chama kiasi chochote, na chama kinaweza kumpa mgombea kiasi chochote. Illinois inaondoa kikomo kwa wagombea wote wa kinyang'anyiro pale mmoja anapojifadhili kwa zaidi ya dola 250,000 kwa nafasi ya jimbo zima au 100,000 kwa nafasi nyingine. Nia yake ni kuwasaidia wasio matajiri. Matokeo yake ni kwamba tajiri anaweza kuwafungulia wafadhili wake mlango kwa kujiandikia hundi.

Ndiyo maana sisi tunaamini kwamba vita yenye maana leo iko kwenye majina kuliko kwenye kiasi. Na hapo wewe wa Arizona una sheria bora kuliko wengi wetu. Tangazo likilipiwa na kundi lenye jina tamu ambalo limepewa pesa na kundi jingine, ambalo nalo limepewa na la tatu, taarifa ya kawaida itakuonyesha kundi la pili tu. Novemba 2022 wapiga kura wa Arizona walipitisha Pendekezo 211 kwa asilimia 72. Linamtaka anayetumia zaidi ya dola 50,000 kwenye kampeni ya jimbo zima, au zaidi ya 25,000 kwenye nyingine, kuwataja waliotoa zaidi ya dola 5,000 mpaka kwenye chanzo cha kwanza, yaani mtu au biashara iliyozichuma pesa hizo, pamoja na mikono zilikopitia. Kabla pesa hazijatumika, mtoaji anajulishwa na anapewa siku 21 za kusema zisitumike kwa siasa. Asiyetaka kutajwa anaziondoa, na haki yake haijavunjwa.

California imechukua njia nyingine: tangazo lenyewe lazima liwataje wachangiaji watatu wakubwa waliotoa kuanzia dola 50,000. Unapoona maandishi hayo mwishoni mwa tangazo, yasome kabla ya kusikiliza sauti.

Kumbuka pia mpaka wa "kupanga naye". Kundi huru likitumia picha lililopewa na kampeni, au likiulizia siku za kurusha tangazo, matumizi yote yanageuka kuwa mchango, na mara nyingi yatakuwa yamevuka kikomo mara mia.

Bosi wetu ametuomba kila mmoja amchangie mgombea fulani dola 500 na atatuongezea kwenye bonasi. Kuna ubaya? (Msomaji, Atlanta, Georgia)

Ndiyo, na usifanye. Mchangiaji halisi hapo ni bosi, na majina yenu ni pazia lake. Kuchangia kwa jina la mtu mwingine ni kosa kwenye uchaguzi wa taifa, na majimbo nayo yana makatazo yao. Linaweza kuwa kosa la jinai, na linamgusa aliyetoa pesa na aliyekubali jina lake litumike. Wachunguzi huligundua kwa urahisi: wafanyakazi kumi wa kampuni moja, kiasi kile kile, siku ile ile, na mmoja ni mhudumu wa mapokezi ambaye hajawahi kuchangia chochote. Kama umeshatoa, zungumza na wakili wako mwenyewe, si wa kampuni, kabla ya kujibu barua yoyote. Hifadhi ujumbe ulioahidi bonasi, usiufute.

Nina mashine ya kuchapa fulana. Nikimchapia mgombea kwa bei ya chini, au nikampikia wageni wake nyumbani, nako ni kuchangia? (Msomaji, Worcester, Massachusetts)

Jasho lako la kujitolea si mchango. Vitu na punguzo la bei ni mchango. Ukichapa fulana 200 ambazo mteja wa kawaida angelipa dola 12 kila moja, na mgombea ukamtoza 5, umempa dola 7 mara 200, yaani 1,400. Umevuka kikomo cha 1,000. Na kama biashara yako imesajiliwa kama kampuni, ni kosa hata ingekuwa dola kumi, kwa kuwa Massachusetts inazikataza kampuni za biashara kumchangia mgombea. Njia salama ni kumtoza bei ile ile unayotoza kanisa au timu ya mpira, umpe risiti, kisha wewe binafsi umchangie unachotaka ndani ya kikomo. Kuhusu chakula, andika gharama ya vyakula na vinywaji, umpe mweka hazina risiti mapema. Ofisi ya jimbo inayosimamia, OCPF, hujibu maswali ya aina hii kwa simu, na ni bora kuuliza kabla ya mapishi.

Naogopa. Nikichangia, jirani na mwajiri wangu wataona jina langu? (Msomaji, Denver, Colorado)

Wakitafuta, wataona. Colorado inaandika jina la kila aliyetoa kuanzia dola 20, na kuanzia dola 100 inaongeza kazi na mwajiri. Michigan inaandika kila mchango bila kujali udogo. Massachusetts inaandika jina na anwani kwa anayezidisha dola 50 kwa mwaka, na kuanzia dola 200 inataka kazi na mwajiri. California hufuta namba ya nyumba na jina la mtaa kwenye taarifa za mtandaoni, ikabaki jiji na msimbo wa posta.

Hofu yako haijapuuzwa na mahakama. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Ohio haiwezi kukilazimisha chama kidogo cha kisoshalisti kutaja wachangiaji wake, kwa kuwa kilithibitisha vitisho na watu kufukuzwa kazi. Lakini kinachotakiwa ni ushahidi. Wengine hutaja uamuzi wa 2021 wa kesi ya Bonta wakidhani ulifuta utajaji wa majina. Ule ulihusu orodha za wafadhili ambazo mashirika ya hisani yalitakiwa kuipa ofisi ya mwanasheria mkuu wa California. Haukugusa michango ya kampeni.

Ukiona ni salama kubaki chini ya mstari wa jimbo lako, ni haki yako, ila hesabu jumla yako, usiangalie mchango mmoja mmoja. Na usiandike jina la utani wala anwani ya uongo. Hilo ndilo linaloweza kugeuza mchango halali kuwa kosa.

Nitajuaje nani amemchangia mbunge wangu? (Msomaji, Richmond, Virginia)

Kwenu ni muhimu hasa, maana Virginia haina kikomo na macho ya wapiga kura ndiyo kinga iliyobaki. Nenda kwenye hifadhi ya taarifa ya idara ya uchaguzi ya jimbo. Texas utatafuta kwa Tume ya Maadili ya Texas, Massachusetts kwa OCPF, California kwenye Cal-Access, yaani hifadhi ya jimbo ya mtandaoni, Washington kwa tume iliyotokana na kura ya wananchi ya 1972.

Tafuta kwa jina la kamati pamoja na la mgombea, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na kamati kadhaa. Pakua orodha nzima kama jedwali, ipange kwa kiasi, kisha ipange upya kwa mwajiri. Upangaji huu wa pili ndio unaoonyesha kundi la watu wa kampuni moja waliochanga wiki moja. Jina moja litatokea kwa tahajia tatu, kwa hiyo linganisha na msimbo wa posta kabla ya kujumlisha. Virginia inamtaja kwa kina aliyezidisha dola 100, hivyo waliotoa chini ya hapo utawaona kama jumla tu.

Mwisho angalia taarifa zilizorekebishwa. Kampeni inaweza kupeleka taarifa kabla ya uchaguzi ikiwa na nafasi tupu za kazi na mwajiri, halafu ikapeleka marekebisho baada ya kura kuhesabiwa. Fungua ya kwanza na ya pili, uziweke kando kwa kando, usome mstari kwa mstari. Ukikuta jina lililoongezwa au kiasi kilichobadilika, chapisha kurasa zote mbili zikiwa na tarehe, maana hizo ndizo utakazoambatanisha kama ukiamua kupeleka malalamiko.